Mpingo Unazama, Mpira Unapaa: Mabingwa wa Kibao, Mti na Mshiko wa Kalamu

Gramu 139. Huo ndio uzito wa uso wa kibao cha mpira wa meza ukichongwa kwa mpingo wa Handeni, unene wa milimita 6, kabla hujatia mpini wala kubandika raba. Uso uleule ukichongwa kwa mti wa balsa wa Ecuador unakuja gramu 18 tu. Mafundi wa vibao duniani kote wanashindana katikati ya namba hizo mbili, na leo mashindano yao nayahamishia kwenye barabara ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65 za lami. Vipimo vyangu ni vya huku kwetu: basi, gunia, debe, rula ya shule, mlango wa mninga na Uwanja wa Benjamin Mkapa. Nitapima miti kwanza, kisha mpira, kisha mikono inayoshika kibao kama kalamu.

1. Mzito kuliko wote: mpingo

Hana mpinzani. Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu ina kilo 1,200 hadi 1,300, na maji ya ujazo huohuo yana kilo 1,000. Ndiyo maana kipande cha mpingo ukikitupa Mto Pangani hakielei, kinakwenda chini kama jiwe. Ni mti wa taifa letu, ndio unaotumika kutengeneza klarineti za okestra za Ulaya, na hauna haraka hata kidogo: unahitaji miaka 70 hadi 100 ndipo ufae kuvunwa. Mche uliochipua porini Handeni mwaka wa Uhuru, 1961, bado haujafika umri huo.

Nimepiga hesabu kwa kibao cha kawaida, chenye uso wa sentimita 15.7 kwa 15 na unene wa milimita 6. Matokeo ni haya, kuanzia mwepesi. Balsa, gramu 18. Ayous, mti wa misitu ya Afrika Magharibi na Kati uliomo ndani ya vibao vingi vya viwandani, gramu 42. Saipresi, gramu 48. Mninga, gramu 71. Mtiki, kama ule wa Longuza kule Muheza, gramu 72. Mpingo, 139. Mninga na mtiki wameachana kwa gramu moja, chumvi ya kubana kwa vidole viwili!

Sasa linganisha na vibao vya mabingwa. Kibao cha mchezaji wa kulipwa, pamoja na mpini lakini bila raba, kwa kawaida kina gramu 80 hadi 95. Ukibandika raba pande zote mbili, kila moja gramu 45 hivi, unafika kama gramu 180. Kibao cha mpingo kikiwekwa mpini na raba kingevuka robo kilo. Shika pakiti ya sukari ya robo kilo, uipunge kwa kifundo cha mkono kwa nusu saa bila kupumzika, utaelewa kwa nini mpingo unatwaa taji la uzito na kutolewa mashindanoni siku hiyohiyo.

2. Undugu wa karibu kuliko wote: hinoki ya Japani na saipresi ya Shume

Hapa ndipo nilipofurahi kuliko popote pengine.

Wachezaji wa mshiko wa kalamu wa Kijapani na Kikorea wana mti wanaouheshimu kuliko mingine yote: hinoki, na hasa ule wa milima ya Kiso. Vibao vingine hujengwa kwa matabaka matano au saba yaliyogandishwa kwa gundi. Cha hinoki ni ubao mmoja mzima, unene wa milimita 9 hadi 10. Mpira ukikigusa, mkono unasikia ubao ukiumeza kidogo kisha ukiutema kwa nguvu.

Sasa fuatilia ukoo. Hinoki ni wa jamii ya misaipresi. Na saipresi, iliyotoka asili yake Mexico na Amerika ya Kati, imepandwa kwa wingi katika Shamba la Miti Shume, wilayani Lushoto, juu ya ule ukuta wa Usambara unaoutazama ukiwa Mombo, wilayani Korogwe. Mafundi wa huku wanaijua kama mbao za dari, za makabati, za vitanda vya bei nafuu. Ipeleke kwenye mizani: mita ya ujazo ya saipresi kavu, takribani kilo 430. Hinoki, kati ya kilo 410 na 440. Wametoka sare! Ubao wa dari ya Korogwe na kibao cha bingwa wa Olimpiki ni mtu na binamu yake.

Lakini mechi ya pili inaamuliwa na umri, na hapo Japani inashinda kwa mbali. Saipresi ya shambani huvunwa ikiwa na miaka 25 hadi 30. Imekua mbio, kwa hiyo pete zake za mwaka ni pana na zimeachana. Hinoki bora ya vibao hutoka kwenye miti iliyopita miaka 200, iliyokua polepole kwenye baridi, na pete zake zimebanana kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905. Wakati vibarua wanatandika mataruma ya kwanza, mti wa hinoki uliokuja kuwa kibao cha leo ulikuwa tayari na umri wa kuitwa babu. Fundi akikata ubao ili pete zisimame wima na kunyooka kutoka mpini hadi ncha, anauza subira ya karne mbili.

Na ukitaka kujua hinoki inadumu kiasi gani, hekalu la Horyu-ji huko Nara lina majengo ya mbao ya kale kuliko yote yaliyosimama duniani, yenye takribani miaka 1,300, na yamejengwa kwa hinoki. Msikiti Mkuu wa Kilwa ni wa mawe ya matumbawe na ulianza karne ya 11. Mbao za Horyu-ji zilikuwa zimesimama zaidi ya miaka 300 kabla jiwe la kwanza la Kilwa halijawekwa.

Usambara ina pia mwangati, mti wa asili wa jamii hiyohiyo. Ule uko kwenye msitu wa hifadhi, na nausifia ukiwa palepale uliposimama.

3. Kanuni pana kuliko zote

Mpira wa miguu unapimwa mzingo. Mkuki wa kurusha unapimwa urefu na uzito. Kibao cha mpira wa meza, kwa kanuni za kimataifa, kinaweza kuwa cha ukubwa wowote, umbo lolote na uzito wowote. Sharti ni kwamba kiwe bapa, kisinepe, na angalau asilimia 85 ya unene wake iwe mbao asilia. Katika debe la lita 20, hiyo ni lita 17 za mti.

Basi twende mpaka mwisho wa kanuni. Mlango wa mninga wa mita 2 kwa sentimita 80, unene sentimita 4, una kilo 41 hivi. Ukiuvika raba inayokubalika, nyekundu huku na nyeusi kule, ukubwa wake hauwezi kuwa sababu ya refa kukuzuia. Kuuinua ndiyo shida yako.

Kanuni inaruhusu pia tabaka la nyuzi ndani ya gundi: kaboni, kioo, karatasi iliyobanwa na vitu vya namna hiyo. Kikomo ni asilimia 7.5 ya unene wote au milimita 0.35, ipi iwe ndogo. Milimita 0.35 ni kama karatasi tatu na nusu za daftari. Na nyuzi, jamani, ndiyo lugha ya Korogwe. Mkonge uliingia nchi hii mwaka 1893, ikabaki miche 62 tu iliyo hai, na kufikia mwaka 1964 tulikuwa tunazalisha takribani tani 230,000 kwa mwaka na kuongoza dunia. Kaboni imeshajaribiwa kila pembe. Tabaka la mkonge la unene wa karatasi tatu na nusu lingekuwa na haki ileile ya kujaribiwa, na ningependa kuwa wa kwanza kulipigia mpira.

4. Kipimo rahisi kuliko vyote

Meza yenyewe ina urefu wa mita 2.74, upana wa mita 1.525 na kimo cha sentimita 76. Ndani ya basi la mita 12 ungepanga meza nne kwa urefu na kubakiwa na mita moja ya dereva. Eneo la uwanja wa soka wa mita 105 kwa 68 linalingana na la meza 1,708, bila kuacha njia ya kupita.

Fundi wa Chanika au Mkata akitaka kujua kama meza aliyoichonga ni ya kweli, hahitaji maabara. Anahitaji rula ya shule ya sentimita 30. Aisimamishe juu ya meza, aachie mpira kutoka ncha ya juu. Ukidunda hadi sentimita 23 hivi, meza imefaulu. Shilingi mia chache za rula zinatosha kuhukumu samani ya mamia ya maelfu.

5. Mwepesi kuliko wote

Mpira: gramu 2.7, kipenyo milimita 40. Kilo moja ya sukari inalingana na mipira 370. Mpe kila mtazamaji wa Uwanja wa Mkapa mpira mmoja, viti vyote 60,000, kisha ikusanye uipime. Kilo 162, yaani gunia moja la mahindi na debe tatu. Boda mzoefu angebeba uzito huo. Ujazo ndio ungemshinda.

6. Wa kasi kuliko wote

Mwaka 2016 Łukasz Budner wa Poland alipiga mpira ukapimwa kilomita 116 kwa saa, rekodi ya dunia ya Guinness. Basi la abiria kutoka Dar es Salaam kupitia Mkata na Segera limewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, na trafiki wa njia hiyo hawana mzaha. Mpira wa Budner ungelipita basi hilo kama limeegeshwa.

Kwa mwendo ule, mita 2.74 za meza zinakwisha kwa sehemu 85 za elfu ya sekunde. Katika muda huo basi la kilomita 80 linasogea chini ya mita 2. Na mchezaji wa upande wa pili anatakiwa auone, aamue, asogee, arudishe.

7. Mzunguko mkali kuliko wote

Kasi hiyo inaonekana. Hatari zaidi ni ile usiyoiona. Pigo la mzunguko la mchezaji wa juu linauzungusha mpira zaidi ya mara 100 kwa sekunde, ambayo ni mara 6,000 kwa dakika. Injini ya bodaboda ikifika mizunguko hiyo inapiga kelele mtaa mzima wanatoka nje. Mpira unafanya vivyo hivyo kimyakimya.

8. Pointi ndefu kuliko zote

Prague, mwaka 1936, mashindano ya dunia. Alex Ehrlich wa Poland na Farkas Paneth wa Romania wanaanza kucheza, matokeo yakiwa 0–0. Pointi ya kwanza ilichukua saa 2 na dakika 12.

Basi likitoka stendi ya Korogwe wakati mpira wa kwanza unapigwa, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa, lingefika Handeni, ligeuze, lirudi Korogwe kilomita zote 130 kwa saa 2 na dakika 10. Abiria wangeshuka na kukuta bado ni 0–0, na dakika mbili za kununua machungwa! Wakati huo mchezo mmoja ulikuwa wa pointi 21.

Baada ya hapo wakuu wa mchezo walibana kanuni. Siku hizi mchezo mmoja ukigota dakika 10 bila kufikisha pointi 18, unaingia utaratibu wa haraka: anayeanzisha asipoimaliza pointi, mpokeaji akarudisha mipira 13, pointi ni ya mpokeaji.

9. Mshiko uliopanda juu kuliko yote, na ukashuka

Shika chaki kama mwalimu anayetaka kuandika ubaoni. Kidole gumba na cha shahada vinakutana mbele, vingine vitatu vimejikunja nyuma. Badilisha chaki iwe shingo ya kibao, kichwa cha kibao kikiangalia chini. Huo ndio mshiko wa kalamu. Wachina hukunja vile vidole vitatu vya nyuma, Wajapani na Wakorea huvinyoosha. Mshiko mwingine, unaotawala leo, ni ule wa kusalimiana: unakamata mpini kama mkono wa mgeni.

Faida ya kalamu ni kifundo cha mkono. Kiko huru pande zote, kwa hiyo kuanzisha mpira na kucheza mipira mifupi karibu na wavu kunakuwa na hila ambayo mshiko wa salamu unaitafuta kwa tabu. Mpira ukija tumboni, mwenye salamu anasita achague upande gani wa kibao, na mwenye kalamu hana uchaguzi wa kufanya, kwani kwa jadi anatumia uso uleule kulia na kushoto. Raba yake ni moja, na hapo ameokoa gramu 45, uzito wa yai dogo la kienyeji. Deni analilipa kwa miguu. Upande wa kushoto wake ni dhaifu, kwa hiyo lazima akimbie aizunguke meza ili apige kwa upande wa kulia tena na tena.

Aliyeilipa deni hilo vizuri kuliko wote kwa macho yangu ni Ryu Seung-min wa Korea Kusini, Athens, Agosti 2004. Kibao cha Kijapani, miguu isiyotulia, fainali dhidi ya Wang Hao wa China, ushindi wa 4–2. Alikuwa na miaka 22.

Sasa ubao wa matokeo. Tangu mchezo uingie Olimpiki mwaka 1988 hadi Paris 2024, zimetolewa dhahabu kumi za wanaume mmoja mmoja. Gawanya kwa mishiko. Michezo sita ya mwanzo: kalamu 4, salamu 2. Wenye kalamu ni Yoo Nam-kyu 1988, Liu Guoliang 1996, Ryu 2004 na Ma Lin 2008. Michezo minne iliyofuata: kalamu 0, salamu 4. Timu iliyokuwa inaongoza kwa mabao mawili imemaliza imefungwa 6–4. Bingwa wa mwisho wa dunia wa wanaume mwenye mshiko wa kalamu ni Wang Hao, mwaka 2009.

Na kabla ya Olimpiki? Rong Guotuan, bingwa wa kwanza wa dunia kutoka China katika mchezo wowote, 1959, kalamu. Zhuang Zedong, 1961, 1963 na 1965 mfululizo, kalamu. Nyuma yao, Bombay 1952, Hiroji Satoh wa Japani aliingia na kalamu yenye sponji nene iliyoua sauti ya mpira. Wapinzani waliozoea kusikia mlio wa raba ya vipele wakajikuta wanacheza kama viziwi, na Satoh akaondoka na ubingwa.

Dawa ya ule upande dhaifu ilipatikana miaka ya 1990, pale Liu Guoliang alipobandika raba mgongoni mwa kibao na kuanza kupiga kwa upande wa nyuma bila kubadilisha mshiko. Wang Hao akaigeuza hila hiyo kuwa silaha kuu. Ni kama kugundua kwamba kalamu uliyoshika miaka yote inaandika pia kwa kitako.

10. Pengo kubwa kuliko yote la umri

Olimpiki moja, Paris 2024. Mshiko mmoja, wa kalamu.

Upande huu, Ni Xialian wa Luxembourg, mzaliwa wa Shanghai, tarehe 4 Julai 1963. Alikuwa na miaka 61. Sheria yetu inamtaka mtumishi wa umma astaafu akifika 60, na Ni alikuwa ameupita umri huo akamshinda Sibel Altınkaya wa Uturuki 4–2. Amezaliwa kabla ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar! Miaka mitatu nyuma, akiwa na 58, alichukua shaba ya dunia ya wanawake wawili wawili kule Houston, pamoja na Sarah De Nutte. Aliyemtoa Paris ni Sun Yingsha, aliyekuwa namba moja wa dunia, na hakuna aibu hapo.

Upande ule, Félix Lebrun wa Ufaransa, mzaliwa wa Septemba 2006, miaka 17, umri wa kijana wa kidato cha nne. Aliondoka na shaba ya mmoja mmoja, na nyingine ya timu.

Kati yao kuna miaka 43 na ushee. Wanaosema kalamu imekufa wamtazame mama mmoja na kijana mmoja. Wamtazame na Dang Qiu wa Ujerumani, bingwa wa Ulaya mwaka 2022 kwa mshiko huohuo.

11. Fedha nyingi kuliko za taifa zima

Wang Hao alifika fainali ya Olimpiki ya mmoja mmoja 2004, 2008 na 2012. Akapoteza zote tatu: kwa Ryu, kwa Ma Lin, kwa Zhang Jike. Medali tatu za fedha.

Tanzania, katika historia yake yote ya Olimpiki hadi Paris, ina medali mbili, zote za fedha, zote Moscow 1980, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Tunazijua kwa majina, kwa mbio, kwa saa. Mtu mmoja, mkono mmoja, kibao kimoja, ana tatu za mmoja mmoja peke yake. Nikiitazama hesabu hiyo nazipenda zaidi zile mbili zetu, na namwonea huruma yeye.

12. Utawala mkali kuliko wote

China: dhahabu 37 kati ya 42 zilizotolewa katika mchezo huu Olimpiki hadi Paris. Katika Ligi Kuu ya Tanzania yenye mechi 30, hiyo ni sawa na kushinda 26. Zile tano zilizobaki ziligawanywa Korea Kusini 3, Sweden 1, Japani 1.

13. Safari ya basi yenye uzito kuliko zote

Nagoya, Japani, 4 Aprili 1971. Mmarekani Glenn Cowan anapanda basi la timu ya China. Ndani kimya. Anayeinuka kutoka viti vya nyuma ni Zhuang Zedong, yule bingwa mara tatu wa kalamu, na kumkabidhi zawadi ya picha ya hariri ya milima ya Huangshan. Siku sita baadaye, 10 Aprili, timu ya Marekani iko China. Februari 1972 Rais Nixon naye yuko Beijing.

Mwaka huohuo wa 1971, mafundi wa China na wa Tanzania walikuwa wanatandika TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Na tarehe 25 Oktoba Umoja wa Mataifa ulipoipa China kiti chake, mwakilishi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa ukumbini akishangilia. Reli ilichukua miaka mitano, kuanzia 1970 hadi 1975. Zawadi ya ndani ya basi ilichukua siku sita. Sijui safari nyingine ya basi, si ya Korogwe wala ya popote, iliyofika mbali namna ile.

14. Mshiko wa ajabu kuliko yote

Ibrahim Hamadtou wa Misri alipoteza mikono yote miwili katika ajali ya treni akiwa na miaka 10. Anashika kibao kwa meno. Mpira wa kuanzisha anaurusha kwa vidole vya mguu. Amecheza Paralimpiki ya Rio 2016 na ya Tokyo. Nimeandika habari za kalamu na salamu kwa maneno mengi, na huyu nampa nambari moja kwa mistari mitano.

15. Kibao cha Handeni na Korogwe

Turudi kwa fundi, kwa randa, msasa na jiliwa, maana bado kuna taji moja halijatolewa: kibao bora kinachoweza kutoka kwenye barabara hii ya kilomita 65.

Moyo wake uwe saipresi ya Shume, milimita 4, yenye pete zilizobanana kuliko zote utakazoziona kwenye rundo la mbao, hata kama itabidi upindue vipande hamsini. Juu na chini yake tabaka la saipresi la nusu milimita, nyuzi zikipita kukingama, ili kibao kisipinde masika yakija. Nje kabisa mninga wa Handeni, nusu milimita kila upande, nyuzi zikifuata mpini. Matabaka matano, unene milimita 6. Gundi nyembamba, ubane kwenye jiliwa usiku kucha, ukate kwa msumeno mwembamba, usugue kwa msasa wa 120, kisha 240, kisha 400.

Hesabu: saipresi gramu 40, mninga gramu 12. Uso, gramu 52. Mpini mfupi wa kalamu, wa saipresi ileile, gramu 20 hivi. Jumla 72. Umepungukiwa gramu 8 kufika pale mabingwa wanapoanzia.

Gramu 8 za mpingo ni kipande kidogo kuliko kidole gumba. Kipachike shingoni mwa mpini, pale gumba na shahada vinapokutana, ukisugue mpaka king'ae. Gramu 80 kamili.